Ngiri ya Mwenyekiti

Mwanamke aliyewahi kupanda juu ya pipa mbele ya geti la kiwanda na kutangaza kwamba mgongo wake hautapinda mbele ya mwajiri yeyote mpaka siku ya kushushwa kaburini, sasa alikuwa anatoka chooni amejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Polepole, wifi," dada wa mumewe alimwambia, amemshika kiwiko. "Na hiyo salamu unampa nani? Mbona simwoni mkubwa yeyote hapa ukumbini."

"Usinichekeshe."

"Nimesema nini cha kuchekesha? Umeinama vizuri. Siku ya ndoa yako hukuinama hivyo, mama yetu akalalamika mwaka mzima."

"Wifi, nakuomba."

Kicheko kilikuwa kimeshapanda hadi kooni. Akaukumbatia mto wake kwa mikono yote miwili, akaukandamiza tumboni, akapumua kwa pua kama ng'ombe aliyenyimwa majani, mpaka kikapita. Masharti ya daktari yalikuwa mengi kuliko ya mkataba wa kazi. Asisimame wima. Asilale bila mito chini ya magoti. Asinyanyue kitu kizito kupita birika. Asikohoe bila mto, asipige chafya bila mto. Na kucheka, daktari alisema, kama kunaweza kuahirishwa, kuahirishwe.

Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyeishi na wifi. Mumewe, kinyozi, alikuwa ameshafukuzwa chumbani tangu siku ya kwanza, tena bila kufungua mdomo. Alisimama tu mlangoni na bakuli la supu, nyusi moja haipo. Asubuhi ile, kwa wasiwasi wa mgonjwa, alikuwa amejinyoa mwenyewe huku akili iko hospitali. Mgonjwa alimtazama mara moja, akauma mto, akanyoosha kidole kuelekea nje. Tangu hapo mtu na mumewe walikuwa wanaulizana hali kupitia ukutani.

Wenzake wa kiwanda cha mashati walimwita Kipaza. Siku kipaza sauti cha kukodi kilipozimika katikati ya mgomo, yeye aliendelea kuhutubia bila hicho, na watu wa mtaa wa nyuma wakafunga madirisha. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi tangu enzi za yule meneja aliyefunga choo cha wanawake kwa kufuli na kutembea na ufunguo mfukoni, akiutoa kama anatoa zawadi. Meneja huyo aliondoka, akaja mwingine aliyeondoa viti vyenye egemeo akisema vinaleta usingizi, naye akaondoka, akaja huyu wa sasa. Viti havijarudi. Kipaza hakusahau hata kimoja. Ufunguo ule wa choo alikuwa anaukumbuka mpaka kutu yake.

Sasa Kipaza huyohuyo alikuwa amekatwa tumbo, na tuliseme mapema: hakuwa na ngiri. Alikuwa na ngozi. Tangu kuwazaa mapacha, ambao sasa ni watu wazima na ndevu zao, ngozi ya tumbo ilikuwa imemning'inia mbele kama aproni isiyofunguka. Aliikunja ndani ya sketi, aliifunga kwa kitenge, na siku moja, akiinamia cherehani kupitisha mkono wa shati, nusura mguu wa mashine uipande. Akasema basi. Kwa vitambaa alivyowashonea majirani jioni baada ya kazi, mwaka hadi mwaka, akajikusanyia cha kumpa daktari, akaomba likizo yake halali, akaenda. Hakumwibia mtu. Mwili wa mfanyakazi ukiharibiwa na kazi hakuna anayeuliza, lakini autengeneze mwenyewe uone watakavyojaa mlangoni kutaka maelezo.

Shida ilikuwa mdomo wake. Mwaka uliopita, juu ya pipa lilelile, alikuwa amewaambia wenzake kuhusu mameneja: "Sisi tunakatwa mishahara, wake zao wanakatwa matumbo." Watu walipiga vigelegele. Yakawa maneno ya kuimbwa. Hata watoto wa mtaa walikuwa wanayaimba wakiruka kamba, bila kujua maana yake. Mtu aliyesema hivyo hawezi kurudi kazini akasema, jamani, na mimi nimekatwa kidogo. Kwa hiyo aliaga kwa kusema ni ngiri, imembana ghafla. Ngiri ni ugonjwa wa heshima, ugonjwa wa mtu aliyebeba vitu. Nani atakwenda kuihoji ngiri?

Kumbe ngiri nayo ina miguu.

Wajumbe wa kamati walikuja kumwona akiwa ameegemezwa kwenye mito kama mfalme wa kuchongwa. Walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Katibu, mwanamke mwembamba anayeshona kola, mwenye macho ya kuona uzi uliokosea akiwa upande wa pili wa barabara. Wa pili alikuwa Mzee wa Pasi, anayenyoosha mashati, mtu mkubwa mwenye machozi ya karibu.

"Mwenyekiti," alisema Mzee wa Pasi, na macho yakalowa hapohapo. "Umepungua."

"Nimepungua sehemu moja tu," alisema wifi kutoka jikoni.

Kipaza akakohoa kwa mto. Alikuwa haruhusiwi kupaza sauti, basi akanong'ona, "Kazini kuna nini?"

"Kazini kumesimama," alisema Katibu.

"Kumesimama kivipi?"

"Kamati tumekaa, dada. Tumejiuliza, mwenyekiti wetu ngiri kaipata wapi? Tukasema, si pale stoo? Si yale majora ya kitambaa tunayobeba mabegani kutoka stoo mpaka chumba cha kukatia, kila siku ya Mungu? Mara ngapi umeomba toroli, meneja akasema kubeba ni mazoezi? Basi. Hatubebi jora tena mpaka toroli lije. Chumba cha kukatia hakina kitambaa, na sisi tumekaa."

"Tumeandika bango," aliongeza Mzee wa Pasi. "Kubwa. Shuka la kitanda cha watu wawili. Tumelitundika getini."

"Linasemaje?"

Mzee akajifuta macho. "Tumbo lake ni tumbo letu."

Kutoka jikoni sufuria ilianguka, kisha kukawa kimya kirefu cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga.

Kipaza alikuwa anautazama ukuta. Miaka yote ile alikuwa ameomba watu wasimame pamoja, wengine wakampa mgongo, wengine wakaenda kujificha chooni, kilipokuwa hakijafungwa. Sasa wamesimama. Wote. Kwa ajili ya ngozi.

"Na aproni yako hii nzuri," alisema Katibu.

"Eh?"

Kipaza alikuwa amevaa aproni yenye mifuko miwili, na ndani ya mifuko mlikaa vichupa viwili vilivyounganishwa na mirija ya kutolea maji ya kidonda. Katibu alikuwa ameishika pindo lake kati ya vidole viwili, analigeuza.

"Mshono wa kulaza mara mbili," alisema polepole. "Mfuko umekatwa kwa kipimo cha kichupa. Hii ni kazi ya jioni nzima, dada. Ngiri imekubana ghafla, mifuko ya vichupa umeishona lini?"

Hapo ndipo ilipoonekana hasara ya kufanya kazi nzuri. Mtu mwingine angejifunga mfuko wa nailoni kiunoni kwa kamba. Kipaza hakuweza kwenda kulala hospitalini na mshono mbaya.

"Kanishonea wifi," alinong'ona.

Katibu akageuka kumtazama wifi, aliyekuwa ametokea mlangoni akiwa amevaa gauni lililofungwa kwa pini za nepi, kwa sababu kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda tangu utoto.

"Hongera," Katibu alimwambia.

"Ahsante," alisema wifi. "Nilijitahidi."

Walipoondoka, wifi akakaa pembeni ya kitanda, akainua kidole kimoja. "Sikia. Ukinyamaza, toroli linakuja. Ukisema, toroli haliji na wewe unaitwa mwongo mpaka kwenye kamba za watoto. Mimi sina elimu, lakini hapa naona njia ni moja."

Kipaza alizihesabu njia zikawa mbili, zote mbovu. Kama angenyamaza, watu wangekuwa wamesimama juu ya uongo wake, na siku uongo huo ukivunjika wangeanguka wote, na pale kiwandani hakuna ambaye angemwamini mwenyekiti tena, awe yeye au mwingine. Kama angesema, wangerudi kubeba kesho asubuhi. Usiku ule alilala na mto kifuani, na si kwa sababu ya kikohozi.

Kesho yake mchana, mlango uligongwa kwa adabu. Waliozoeana na nyumba ile hawakugonga kwa adabu. Alikuwa meneja, na shati la kiwanda kingine, na kikapu cha zabibu chenye utepe.

Kipaza alikuwa njiani kati ya choo na kochi, katikati ya ukumbi, amejikunja vilevile.

"Aa, usiiname, Mwenyekiti, usiiname," alisema meneja, na uso wake ukanawiri. Mwinamo ule alikuwa anautamani tangu siku aliyoripoti kazini.

"Hii siyo heshima," alinong'ona Kipaza. "Ni nyuzi."

Wifi alimketisha kwenye kochi, akazipokea zabibu, akaanza kuzila palepale. Meneja akangoja aondoke. Wifi hakuondoka.

"Nimekuja kuulizia ngiri," alisema meneja.

"Ngiri haijambo."

"Nimefurahi. Maana mke wangu naye alikuwa na ngiri. Wiki hiyohiyo. Kwa daktari huyohuyo. Anasema kitanda cha pili, nyuma ya pazia, kulikuwa na mama mmoja aliyetoka usingizi wa dawa akihutubia. Akidai viti vyenye egemeo. Wauguzi wawili wakajiunga."

Wifi akaacha kutafuna.

Kipaza alimkumbuka yule mwanamke. Walikaa benchi moja kabla ya kuingia ndani, wote wawili na miwani ya giza, kila mmoja akisoma gazeti, na gazeti la mwenzake lilikuwa limeshikwa juu chini. Baadaye, pazia likiwa katikati yao, mwanamke yule alimwuliza kwa sauti ndogo: "Na wewe ukicheka kunauma?" Akamjibu, "Kunauma." Wakacheka, wakalia. Hawakuambiana majina.

"Mimi si mtu mbaya," aliendelea meneja. "Sitaki kumwaibisha mama wa watu. Bango litoke getini, watu wabebe majora, na mimi nitaamini ni ngiri mpaka nife. Au niende pale getini nikawaelezee hiyo ngiri inaitwaje kwa daktari."

Wifi akajikohoza. "Wifi, na sisi tunajua mke wa nani alikuwa upande wa pili wa pazia. Tukisema la kwetu, tuseme na la kwake. Na bango la pili ninalo shuka."

Meneja akabadilika rangi kidogo. Kipaza akatikisa kichwa.

"Huyo mama hajafunga choo cha mtu," alinong'ona. "Hajaondoa kiti. Mwacheni alale."

Alikuwa bado anatafuta la kumjibu meneja wakati kelele ilipoanza mwisho wa uchochoro. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana, na wafanyakazi walikuwa wanakuja kumjulia hali mwenyekiti wao, wote kwa pamoja, na bango mbele. Wimbo ulifika kabla yao. Ulikuwa ni uleule, wa mishahara na matumbo.

Meneja alisimama, akaangalia mlango, akaangalia dirisha, akakaa tena. Njia ya kutoka ilikuwa imeshajaa watu.

"Basi ni sasa hivi," alisema, akijaribu kutabasamu. "Unawaambia nini?"

Kipaza akamwomba wifi mkono. Akajivuta mpaka dirishani, kila hatua kama mtu anayebeba yai kati ya magoti. Uchochoro mzima ulikuwa umejaa mashati ya kazini, na walipomwona amejikunja namna ile wakanyamaza kwa huruma. Mzee wa Pasi akaanza kulia. Kipaza alifungua mdomo, na sauti iliyowahi kufunga madirisha ya mtaa wa nyuma ikatoka kama upepo wa tairi la baiskeli.

"Hawasikii," alisema wifi. "Niambie mimi, niwaambie wao."

Hakukuwa na namna nyingine. "Waambie sina ngiri."

Wifi akajitokeza dirishani mpaka kiunoni. "Jamani, mwenyekiti anasema hana ngiri."

Vigelegele vikapasuka.

"Wanashangilia umepona," alisema wifi.

"Waambie sikuwahi kuwa nayo."

"Anasema hakuwahi kuwa nayo." Vigelegele vikapungua, vikabaki viwili vya watu wa nyuma, navyo vikafa.

"Waambie nilikwenda kukaza tumbo. Kwa hiari yangu, kwa jasho langu. Kama wale niliowasema pale juu ya pipa."

Wifi akamgeukia. "Na hilo nalo kwa sauti?"

"Kwa sauti yote uliyonayo."

Wifi akavuta pumzi. "Alikwenda kukaza tumbo. Na alikuwa na haki, mimi ni shahidi. Tumbo lilikuwa linafika hapa. Likiingia chumbani, yeye anafuata baadaye. Kaka yangu alikuwa—"

"Hayo sikukutuma."

"Nafafanua, wifi. Hawajaliona."

Kipaza akamshika mkono, akamvuta. "Waambie niliwadanganya, na niliona haya kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Yule niliyemcheka nimelala kando yake, na kidonda chake kinauma kama changu. Uenyekiti wauchukue wakitaka. Lakini majora waambie ni mazito vilevile. Yalikuwa mazito kabla sijaenda hospitali, na nikirudi nitayakuta mazito."

Wifi aliyarudisha yote hayo, safari hii neno kwa neno, na sauti yake mwenyewe ikakwaruza mwishoni. Kwenye kochi, meneja alikuwa amekishika kikapu kitupu mapajani, kwa kuwa silaha aliyokuja nayo ilikuwa imeshatupwa dirishani na mwenye nyumba.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Vifungo, mama mnene anayeshona vifungo, asiyeongea kikaoni hata siku moja.

"Mimi ninayo," alisema.

"Una nini?" aliuliza Katibu.

"Ngiri. Naifunga kwa mkanda wa mume wangu. Mwaka wa tatu huu."

"Na mimi," alisema msichana anayeshona mikono ya mashati. "Tangu Pasaka ile ya mzigo mkubwa."

"Mbona hamkusema?"

Vifungo akainua mabega. "Nani angezima cherehani kwa tumbo langu?"

Swali lilimfikia Kipaza kuliko wote. Miaka yote ile alikuwa na kumbukumbu ya kufuli, ya ufunguo, ya kila kiti, na mwanamke wa cherehani ya jirani alikuwa amejifunga mkanda wa suruali asijue. Akauegemeza uso kwenye fremu ya dirisha.

Katibu ndiye aliyesogea mbele, akalitazama bango, kisha akamwomba Mzee wa Pasi kalamu ya kuchorea vitambaa. Akakata neno moja na kuandika mawili juu yake. Sasa lilisomeka: Tumbo la Vifungo ni tumbo letu. Vifungo akalia, Mzee wa Pasi akamsaidia kulia, na kwenye kochi meneja akasikia anaulizwa na Katibu kupitia dirishani, kwa upole sana, kama kubeba bado ni mazoezi.

"Toroli litakuja," alisema meneja.

"Lini?"

"Jumatatu."

"Na hospitali kwa hawa wawili," alinong'ona Kipaza. Wifi akalipeleka dirishani na kwa meneja kwa pamoja.

"Na hospitali," alisema meneja.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Uani wifi alikuwa ameanika mikanda ya kubana tumbo kwenye kamba iliyolegea, na meneja, mtu mrefu, alilazimika kukunja mgongo mara mbili ili apite, mkanda mmoja ukamvua kofia, akarudi kuiokota, akainama tena. Kipaza alikuwa anaangalia. Aliukumbatia mto kwa nguvu zote.

Bado haikuwa imeisha. Katibu alikuwa ameingia ndani na Vifungo na Mzee wa Pasi, na Mzee akaambiwa ageukie ukuta.

"Tumeshakusamehe au bado, hilo tutalikalia kikao," alisema Katibu. "Lakini kwanza tuone mshono."

"Hapana."

"Umetusimamisha kazi kwa mshono tusiouona? Fungua."

Kipaza akafungua mkanda. Wanawake wawili waliomaliza maisha yao kwenye mishono waliinama, wakaufuata ule mstari kutoka nyonga hadi nyonga kwa macho.

"Pindo limenyooka," Katibu alikiri. "Hakuvuta uzi. Ncha kazificha vizuri."

"Kitovu," alisema Vifungo.

"Kina nini?"

Vifungo akafumba jicho moja, akainua kidole gumba kupima. "Kimekwenda kushoto. Kidogo tu. Kifungo hakikai hivyo."

"Kimekwenda kiasi gani?" aliuliza Mzee wa Pasi, akiwa bado ameutazama ukuta.

"Kiasi cha kurudishwa na mkaguzi."

"Basi ni daraja la pili," alisema Mzee kwa huzuni. "Hilo kwetu linauzwa bila lebo."

Mto ulikuwa mbali, kitandani. Kipaza alijaribu kuuma midomo, alijaribu kumkumbuka meneja wa ufunguo, alijaribu kuwaza mambo ya kiti na kufuli na kutu, lakini wakati huohuo kinyozi, aliyesikia watu wengi na kuja mbio kutoka kazini, alichungulia mlangoni na nyusi yake moja, akauliza, "Kuna nini?"

Alicheka. Alicheka huku analia, huku anaomba mto, huku wifi anaukimbiza, na Katibu na Vifungo wakamshikilia tumbo kutoka pande mbili kwa viganja vinne, kama watu wanaoshika jora lisifunguke.

Nyuzi hazikukatika. Katibu alizikagua tena, moja moja, akasema aliyezitia alikuwa anajua kazi yake, isipokuwa kifungo.

Toroli lilikuja, si Jumatatu bali Alhamisi, na gurudumu moja linalia. Wakalipaka rangi. Kipaza aliporudi kiwandani, akiwa amesimama karibu wima, alilikuta mlangoni mwa stoo limesheheni majora, na ubavuni limeandikwa kwa mkono wa Katibu: Ngiri ya Mwenyekiti. Mpaka leo ndilo jina lake. Mgeni akifika pale atasikia mtu akipiga kelele kutoka chumba cha kukatia, nani ana ngiri, na mwingine akimjibu, iko kwa Vifungo, anaileta.